Disketi Ikigoma Kusomeka: Kushughulikia Makosa ya Diski kwa INT 13h Kwenye IBM PC

Programu yako ndogo ya kuwashia mashine imefanya kazi kwenye emuleta bila tatizo. Umeiandika kwenye disketi ya kweli, umeitia kwenye IBM PC ya kweli, umewasha. Taa nyekundu inawaka, mota inaanza kuvuma, halafu kimya. Kiooni limebaki neno ulilojiandikia mwenyewe, KOSA, na mashine imeganda. Disketi ni nzima, kiendeshi ni kizima. Programu yako tu ndiyo imekubali jibu la kwanza ililopewa.

Mwongozo huu ni wa anayeandika asembli kwa ajili ya IBM PC na jamaa zake wa miaka ya 1980, iwe ni sekta ya kuwashia, programu ya kuokoa data kwenye disketi za zamani, au programu ya kawaida ya DOS. Ninachotaka ubaki nacho ni tabia moja: kila namba ya kosa iulize swali lake, "je, nikirudia kuna tofauti yoyote?" Kuna makosa yanayopona kwa kurudia, na kuna ambayo ukiyarudia mara elfu hayabadiliki. Mengine ukiyarudia bila kufikiri unaharibu disketi ya mtu.

Hatua ya 1: Elewa kinachozunguka mle ndani

IBM PC ilitoka Agosti 1981 ikiwa na prosesa ya Intel 8088 ya 4.77 MHz. Disketi yake ya inchi 5.25 huzunguka mara 300 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 200. Disketi ya 360 KB ina silinda 40 (vituo ambapo kichwa husimama; kwa kila upande kituo ni duara moja la data, yaani traki), pande 2, sekta 9 kwa kila traki, na baiti 512 kwa kila sekta. Zidisha utapata baiti 368,640.

Kila sekta imeandikwa kwa vipande viwili. Kwanza kuna kitambulisho: namba ya silinda, ya kichwa, ya sekta, na ukubwa wa sekta, kisha CRC ya biti 16 ya kuhakiki hayo manne. Baada ya nafasi ndogo inafuata data yenyewe na CRC yake. Kila kipande hutanguliwa na alama ya anwani: baiti tatu za A1h zilizoandikwa kwa namna ya pekee ili zisichanganywe na data, halafu FEh kama ni kitambulisho au FBh kama ni data.

Anayesoma yote haya ni kontrola, chipu ya NEC µPD765 au pacha wake Intel 8272A. Ukiiomba sekta ya 5, inakaa ikisikiliza vitambulisho vikipita chini ya kichwa hadi ipate kinacholingana. Tundu la indeksi, linaloonyesha mwanzo wa mzunguko, likipita mara mbili bila kukipata, inaacha na kutoa taarifa. Shika hilo, kwa sababu karibu kila namba ya kosa utakayokutana nayo inatokana na pale kontrola ilipokwama katika safari hiyo.

Hatua ya 2: Ita INT 13h kwa tahadhari

INT 13h ni wito wa huduma za diski za BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye chipu ya mashine. Kusoma ni kazi ya 02h. AH hubeba namba ya kazi, AL idadi ya sekta, CH silinda, CL sekta (zinaanza na 1, si 0), DH kichwa, DL kiendeshi (00h ni A, 01h ni B, 80h ni diski kuu ya kwanza), na ES:BX ni mahali data itakapowekwa. Ikirudi, bendera ya keri ikiwa 0 mambo ni sawa. Ikiwa 1, namba ya kosa iko kwenye AH.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa vitendo, zipo BIOS, na zipo programu zinazokaa kwenye kumbukumbu na kudaka INT 13h, ambazo huharibu DX zikirudi au hazigusi bendera ya keri inavyotakiwa. Kwa hiyo zungushia wito wako hivi:

```
        push    dx
        stc
        int     13h
        sti
        pop     dx
        jc      kuna_kosa
```

`stc` inawasha keri kabla ya wito. BIOS ikisahau kuigusa, utaambiwa kuna kosa hata kama halipo, na hilo ni afadhali kuliko kuambiwa salama wakati bafa yako imejaa takataka. `sti` inarudisha intarapti kama kuna aliyeziacha zimezimwa. Wala `sti` wala `pop` haigusi keri, kwa hiyo `jc` ya mwisho inasoma jibu halisi.

Hatua ya 3: Rudia, lakini kwa kikomo

Turudi kwenye mashine iliyoganda. Unapoomba kusoma, BIOS ya IBM PC huwasha mota lakini haisubiri ifike kasi yake. Ukiomba kuandika, inasubiri, kusoma, haisubiri. IBM walichapisha msimbo wote wa BIOS kwenye kitabu chao cha kiufundi, na humo wamesema waziwazi kwamba kusoma kurudiwe mara tatu ili kuhakikisha tatizo si mota iliyokuwa bado inajikusanya. Kwenye jedwali la vigezo vya disketi, muda wa mota kuamka ni namba 8, na kipimo chake ni moja ya nane ya sekunde. Yaani sekunde nzima. Jaribio lako la kwanza linaweza kumalizika kabla sekunde hiyo haijaisha.

Jambo hilo halitokei wakati wa kuwasha tu. Mota huzimwa baada ya mipigo 37 ya saa tangu kazi ya mwisho, na saa ya PC hupiga mara 18.2 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama sekunde mbili. Mtumiaji akikaa sekunde tatu akisoma menyu yako, wito unaofuata unaikuta mota imelala tena.

Kati ya jaribio na jaribio, weka upya kiendeshi kwa kazi ya 00h. Kuweka upya hakusogezi kichwa papo hapo. Kunaifanya BIOS isahau kichwa kilipo, ili kazi inayofuata ikirudishe kwanza traki ya 0 ndipo kihesabu hatua upya. Kama kichwa kilipotea kwa hatua moja, hapo ndipo kinapojirekebisha.

```
; Kuingia: CH=silinda  CL=sekta  DH=kichwa  DL=kiendeshi
;          ES:BX=bafa
; Kutoka:  CF=0 imesomeka
;          CF=1 imeshindikana, AH=namba ya kosa
soma_sekta:
        push    si
        push    di
        mov     si, 4           ; la kwanza na marudio matatu
.jaribu:
        mov     ax, 0201h       ; soma sekta moja
        push    dx
        stc
        int     13h
        sti
        pop     dx
        jnc     .tayari
        cmp     ah, 11h         ; data imeshasahihishwa
        je      .imesahihishwa
        mov     di, ax          ; tunza namba ya kosa
        cmp     ah, 01h         ; amri haipo
        je      .acha
        cmp     ah, 03h         ; imefungwa isiandikwe
        je      .acha
        cmp     ah, 06h         ; disketi imebadilishwa
        je      .acha
        cmp     ah, 09h         ; mpaka wa 64 KB
        je      .acha
        xor     ah, ah          ; weka upya
        push    dx
        int     13h
        pop     dx
        dec     si
        jnz     .jaribu
.acha:
        mov     ax, di
        stc
        jmp     short .tayari
.imesahihishwa:
        clc
.tayari:
        pop     di
        pop     si
        ret
```

Angalia mistari miwili. AX inajazwa upya ndani ya kitanzi, si nje, kwa sababu INT 13h imeshaijaza namba ya kosa. Nimeona misimbo mingi ya kuwashia ambayo hurudia ikiwa na AX chafu, na jaribio la pili linakuwa amri nyingine kabisa. Na namba ya kosa inatunzwa kwenye DI kabla ya kuweka upya, kwa kuwa kuweka upya kunaleta jibu lake kwenye AH hiyohiyo. Usipoitunza, utamwambia mtumiaji "kosa 00h".

Kikomo cha marudio si cha mapambo. Niliwahi kuacha programu ya kunakili ikirudia bila kikomo juu ya disketi yenye mkwaruzo. Niliporudi na kuitoa, kulikuwa na duara jembamba linalong'aa pale kichwa kilipokuwa kinasugua, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeshika unga wa kahawia. Disketi mbili nzima nilizotia baadaye zilileta makosa hadi nilipokisafisha kichwa kwa pamba na alkoholi. Disketi za zamani tabaka lake la sumaku limeshachoka. Ukitaka kurudia zaidi ya mara nne, rudia ukiwa na sababu.

Hatua ya 4: Soma namba ya kosa kama fundi

Hapa ndipo wengi hukimbia. Wanaandika "kosa la diski" na kufunga. Namba hizi zinasema mengi, na inafaa kuzijua kwa asili yake.

80h ni kwamba kontrola haikujibu kwa wakati. Kwa disketi, mara nyingi mlango uko wazi au hakuna disketi. Sababu yake ni ileile ya tundu la indeksi: kontrola inahesabu matundu mawili ndipo ikate tamaa, na pasipo disketi hakuna tundu litakalopita, kwa hiyo ingengoja milele. BIOS ndiyo inayochoka na kurudisha 80h. Ukiiona baada ya marudio yote, mwombe mtumiaji aangalie mlango.

02h ni kwamba alama ya anwani haikuonekana. Kontrola imezunguka ikisikiliza na haikusikia kitu cha maana. Disketi haijafomatiwa, au imefomatiwa kwa mashine ya aina nyingine, au mota haijafika kasi.

04h ni sekta haikupatikana, na hii ni tofauti na 02h. Hapa vitambulisho vinasikika vizuri, ila hakuna chenye namba uliyoomba. Kabla hujalaumu disketi, kagua hesabu yako. Umeomba sekta ya 0? Umeomba sekta ya 10 kwenye traki yenye 9? Disketi za kwanza za IBM PC zilikuwa na sekta 8 kwa traki. Sekta 9 zilikuja na DOS 2.0 mwaka 1983. Programu inayodhani 9 ikipewa disketi ya 8 itapata 04h kila inapofika mwisho wa traki. Hesabu ikiwa sawa, basi huenda kichwa kiko kwenye traki ya jirani.

10h ni CRC haikulingana. Sekta imepatikana, imesomwa, na hesabu ya uhakiki imekataa. Hili ndilo kosa linalostahili subira yako, kwa sababu vumbi au sumaku iliyofifia inaweza kukubali jaribio la tatu baada ya kukataa mawili.

08h ni kwamba DMA, chipu inayohamisha data kwenda kwenye kumbukumbu bila prosesa, ilichelewa kuchukua baiti, rudia. 20h ni kontrola yenyewe imechanganyikiwa, na 40h ni kichwa kimeshindwa kufika kwenye traki. Zote mbili weka upya, rudia, na zikiendelea tazama kiendeshi na waya wake. 01h ni amri isiyokuwepo, nalo ni kosa la msimbo wako. 03h na 06h na 09h tutazifikia.

Kwa anayeokoa data, kuna hazina nyingine. BIOS huacha baiti saba za taarifa za kontrola kwenye kumbukumbu kuanzia anwani 0040:0042. Mpangilio wake ni ST0, ST1, ST2 (baiti tatu za hali ya kontrola), silinda, kichwa, sekta, ukubwa. Namba za AH kama 02h, 04h na 10h zimetokana na ST1 tu. Ukizisoma mwenyewe unaona zaidi. Tuseme umepata 10h. Tazama biti ya 5 ya ST2. Ikiwa 1, kilichoharibika ni data yenyewe. Ikiwa 0, CRC iliyokataa ni ya kitambulisho, maana yake data inaweza kuwa nzima kabisa nyuma ya mlango uliovunjika kitasa. Tuseme umepata 04h. Tazama biti ya 4 ya ST2. Ikiwa 1, kontrola imekuta namba ya silinda isiyo ile uliyoomba: kichwa kimepotea njia, na kuweka upya kuna uwezekano mkubwa wa kusaidia.

```
        push    ds
        mov     ax, 40h
        mov     ds, ax
        mov     al, [43h]       ; ST1
        mov     ah, [44h]       ; ST2
        pop     ds
```

Zisome mara tu baada ya kosa, kabla ya kuweka upya. Na kumbuka ni za disketi. Hali ya diski kuu inakaa mahali pengine, 0040:0074.

Ukishapata 10h mara nne, na data ni ya thamani, fanya hivi kabla hujakata tamaa: soma sekta yoyote ya silinda ya 0, kisha rudi, halafu soma sekta ya silinda ya 39, kisha rudi. Kichwa kikifika kutoka ndani na kikifika kutoka nje hakitui mahali palepale kabisa, na tofauti hiyo ndogo mara nyingine ndiyo inayookoa faili. Ikishindikana, jaribu kiendeshi kingine. Disketi iliyoandikwa na kiendeshi chenye vichwa vilivyopinda kidogo husomeka vizuri zaidi na kiendeshi kilichoiandika.

Hatua ya 5: Epuka mpaka wa 64 KB

09h huwachanganya watu kwa sababu haihusiani na disketi. Chipu ya DMA ya IBM PC, 8237, huhesabu anwani kwa biti 16 tu. Biti za juu zinakaa kwenye rejista ya pembeni ambayo haipandi yenyewe. Bafa ikianza upande mmoja wa mpaka wa 64 KB na kuishia upande wa pili, DMA ingezunguka na kuandika mwanzoni mwa 64 KB ileile. BIOS inaliona hilo mapema na kukataa.

Mfano: bafa iko 1000:FF00. Anwani halisi ni 1FF00h. Ongeza baiti 512, yaani 200h, utafika 20100h. Umevuka 20000h, na utapata 09h kila mara, hata kwa disketi mpya kutoka kwenye boksi. Ubaya wake ni kwamba programu inaweza kufanya kazi mwaka mzima, kisha ukaongeza mistari michache, bafa ikasogea, na kosa likazuka.

Kagua hivi kabla ya kusoma:

```
        push    cx
        mov     ax, es
        mov     cl, 4
        shl     ax, cl
        add     ax, bx
        add     ax, 511         ; baiti ya mwisho
        pop     cx
        jc      inavuka
```

Jumla ya `shl` na `add` ya kwanza inatupa biti 16 za chini za anwani halisi. `Add` ya pili ikitoa keri, tumevuka. Njia nyepesi zaidi ni kupanga bafa ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 512. Bafa ya sekta moja iliyopangwa hivyo haivuki kamwe. Kwa traki nzima ya baiti 4,608, tenga nafasi mara mbili ya hiyo: nusu mojawapo lazima itakuwa salama.

Hatua ya 6: Ukisoma sekta nyingi, jua namna ya kurudi kwenye moja

Kusoma traki nzima kwa wito mmoja ni haraka sana kuliko sekta moja moja, na usiache kufanya hivyo. Ila kosa likitokea, usitegemee AL ikuambie zimesomeka ngapi. BIOS hazikubaliani juu ya hilo. Rudi mwanzo wa kundi na usome sekta moja moja kwa `soma_sekta`. Hapo utajua hasa ni ipi iliyokufa, na zile nane nzima utakuwa umezipata. Na usivuke mwisho wa traki katika wito mmoja.

Hatua ya 7: Heshimu 06h

Hili ndilo kosa linaloua data za watu, na halionekani kama kosa. Viendeshi vya 1.2 MB vilivyokuja na PC AT mwaka 1984 vina waya unaosema "mlango ulifunguliwa". BIOS ikiuona, hurudisha 06h. Programu nyingi hulichukulia kama kosa lingine lolote: weka upya, rudia, na safari hii inafanikiwa. Kwa kusoma tu, huenda ukaponea. Lakini kama una FAT (jedwali linaloonyesha kila faili iko wapi) ya disketi ya kwanza kwenye kumbukumbu, na mtumiaji amebadilisha disketi, na wewe umerudia kuandika kwa utulivu, basi umeweka ramani ya disketi ya kwanza juu ya disketi ya pili. Faili zote za disketi ya pili zimepotea njia kwa wito mmoja uliofanikiwa.

Ndiyo maana msimbo wa hatua ya 3 unairudisha 06h kwa aliyeita badala ya kuimeza. Anayeita afanye hivi: atupe kila alichokishika kuhusu disketi hiyo, asome upya sekta ya kwanza, alinganishe na aliyoijua. Ikiwa ni ileile, aendelee. Ikiwa si ile na kuna data iliyokuwa inangoja kuandikwa, amwombe mtumiaji arudishe disketi ya kwanza, na asiandike chochote hadi aione.

Viendeshi vya 360 KB havina waya huo. Kwenye mashine hizo hutapata 06h kamwe, kwa hiyo linganisha sekta ya kwanza mwenyewe kabla ya kila kundi la kuandika.

Hatua ya 8: Unapoandika

Kuandika ni kazi ya 03h na rejista zilezile. Ukipata 03h kwenye AH, disketi imefungwa isiandikwe: ya inchi 5.25 mkato wake wa ubavuni umezibwa kwa karatasi, ya inchi 3.5 kijidirisha kiko wazi. Kurudia ni kupoteza muda. Mwambie mtumiaji kwa lugha anayoweza kuifanyia kazi:

```
Disketi iliyo A: imefungwa isiandikwe.
Itoe, bandua karatasi ya ubavuni, irudishe,
kisha bonyeza kitufe chochote. Esc kuacha.
```

Na ruhusu Esc iwe ya kweli. Pengine mtu aliifunga kwa sababu.

Kazi ya 04h huitwa kuhakiki, na jina lake limepotosha wengi. Hailinganishi disketi na bafa yako. Inasoma tu na kuangalia kama CRC zinakubali. Kama data iliharibika kwenye kumbukumbu kabla ya kuandikwa, kuhakiki kutapita vizuri kabisa. Kwa kitu cha muhimu, soma sekta kwenye bafa ya pili kisha linganisha baiti kwa baiti kwa `repe cmpsw`.

Mpangilio nao ni kinga. Andika data kwanza, kisha FAT, kisha saraka. Ukishindwa katikati, kitakachopotea ni nafasi fulani, na faili za zamani zitabaki salama.

Hatua ya 9: Diski kuu, kwa kifupi

IBM PC XT ya mwaka 1983 ilileta diski kuu ya 10 MB, na INT 13h ikaendelea kutumika ikiwa na DL ya 80h. Silinda zilizozidi 255 hutumia biti mbili za juu za CL. Namba mpya utakazoziona ni 0Ah na 0Bh, sekta au traki iliyowekewa alama ya ubovu, na AAh, kiendeshi hakiko tayari. 11h ni ya pekee: data ilikuwa na hitilafu lakini imesahihishwa, na iliyo kwenye bafa ni nzuri. Ipokee, lakini iandike mahali. Sekta inayosahihishwa leo mara nyingi ndiyo itakayokataa kesho. Kuweka upya kwa 00h na DL ya 80h hugusa viendeshi vya disketi pia. Ukitaka diski kuu peke yake, tumia kazi ya 0Dh.

Hatua ya 10: Ukiwa ndani ya DOS

Ukifungua faili kwa INT 21h, wito wa huduma za DOS, huiti INT 13h mwenyewe. DOS ndiyo inayoita. Kosa likitokea DOS hurudia yenyewe, ikishindwa inaita INT 24h, wito wa makosa makubwa, na usipoidaka mtumiaji anaona lile swali maarufu la Abort, Retry, Ignore katikati ya kioo chako ulichokipanga vizuri. Akijibu kwa kuacha, programu yako inafungwa bila kuagwa.

Daka INT 24h kwa kazi ya 25h ya INT 21h. Huhitaji kuirudisha mwisho wa programu, kwa kuwa DOS huitunza anwani ya zamani kwenye PSP, eneo la kumbukumbu inalotengea kila programu, na kuirudisha yenyewe. Ndani ya kidakio, biti ya 7 ya AH ikiwa 0 ni kosa la diski na AL ni namba ya kiendeshi, 0 ikiwa A. Aina ya kosa iko kwenye baiti ya chini ya DI, na namba hizi si zile za BIOS: hapa 00h ni disketi iliyofungwa isiandikwe, 02h ni kiendeshi hakiko tayari, 04h ni CRC, 06h ni kichwa kushindwa kufika, 08h ni sekta haikupatikana. Anayechanganya majedwali haya mawili atamwambia mtu mwenye disketi iliyofungwa kwamba kila kitu kiko sawa.

```
kosa_kubwa:
        test    ah, 80h
        jnz     .toka
        mov     [cs:kosa_dos], di
.toka:
        mov     al, 3           ; wito ushindwe
        iret
```

AL ya 3, inayokubalika kwa DOS 3.1 na kuendelea, inasema: wito wa INT 21h ushindwe, nirudishie keri. Programu yako inaendelea pale ilipoita, inakuta keri, inatazama `kosa_dos`, na inazungumza na mtumiaji kwa utaratibu wake. Nakushauri uwe na kidakio kifupi kama hiki. Ukitaka kuandika kioo humo ndani, kazi za INT 21h unazoruhusiwa ni chache, hasa 01h hadi 0Ch, na ukiita ya kufungua faili utavuruga DOS yenyewe. Epuka AL ya 0, ya kupuuza: inaifanya DOS iendelee kana kwamba sekta ilisomeka.

Hatua ya 11: Yasababishe makosa mwenyewe

Msimbo wa makosa ambao haujawahi kukutana na kosa hauna tofauti na maoni pembeni ya programu. Emuleta nyingi husoma faili iliyo kwenye diski ya kisasa, hazina mota ya kuamka wala vumbi, kwa hiyo jaribu kwenye chuma halisi ukiwa na disketi usiyoihitaji.

Acha mlango wazi uite kusoma: utegemee 80h, na upime inachukua muda gani hadi mtumiaji aone ujumbe, kwa majaribio manne anaweza kudhani mashine imekufa, kwa hiyo andika "Ninajaribu tena" tangu jaribio la pili. Ziba mkato kwa karatasi uandike: 03h, na ujumbe utoke papo hapo bila marudio. Omba sekta ya 10 kwenye disketi ya 360 KB: 04h. Tia disketi ambayo haijafomatiwa: 02h. Weka bafa 1000:FF00: 09h. Kwenye mashine yenye kiendeshi cha 1.2 MB, soma, fungua mlango, badilisha disketi, kisha andika. 06h ikifika na programu yako ikaandika hata baiti moja kwenye disketi ya pili kabla ya kuuliza, rudi hatua ya 7. Mwisho, acha mashine ikae sekunde tano mota izime, kisha soma sekta moja ukihesabu marudio. Ukiona imefanikiwa jaribio la pili au la tatu, hiyo ndiyo hali iliyoigandisha mashine yako mwanzo.